Panda wa Kufugwa: Kuzaa Kumewezekana, Kulea Bado

Yapo maneno yaliyozoeleka kuhusu panda mkubwa wa Uchina: kwamba ni mnyama aliyeishiwa hamu ya kuzaa, asiyejua hata namna ya kupandana, na kwamba bila mkono wa binadamu angekuwa ametoweka zamani. Maneno hayo yamerudiwa mno magazetini na katika vipindi vya televisheni, na kwa miaka mingi yametumika kuhalalisha karibu kila jambo linalofanyika katika vituo vya kuzalisha panda, kuanzia dawa za usingizi na mbegu za kugandishwa hadi watoto kutenganishwa na mama zao kabla ya wakati. Makala haya yanaeleza kwa nini maneno hayo si ya kweli, ni nini hasa kilichofanya uzazi wa panda kifungoni uwe mgumu, ugumu huo ulishindwaje, na kwa nini ushindi wenyewe umeleta maswali mazito ya kimaadili ambayo hayawezi kujibiwa kwa kutaja idadi ya watoto waliozaliwa.

Tuanze milimani, kwa sababu huko ndiko panda anakofahamika vizuri zaidi. Panda wa porini wanaishi katika misitu ya mianzi ya majimbo ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, kila mmoja akitembea peke yake katika eneo lake. Hawakutani mara kwa mara, lakini wanafahamiana kwa harufu. Panda hupaka kwenye magome ya miti majimaji mazito yanayotoka katika tezi iliyo chini ya mkia, na dume wakati mwingine husimama kwa miguu ya mbele, akiinua ile ya nyuma juu ya shina, ili mkojo wake ufike juu kadiri iwezekanavyo. Panda anayepita hapo baadaye hutambua kwa kunusa ikiwa aliyetangulia ni dume au jike, ni mkubwa au mdogo, na kama jike amekaribia kuingia kwenye joto. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu jike huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka, kati ya Februari na Mei, na muda anaoweza kushika mimba ni siku moja hadi tatu hivi. Siku hizo zinapowadia, madume kadhaa huwa wameshafuata harufu na kukusanyika. Hupigana, huitana kwa milio, na jike mara nyingi hupanda mtini na kukaa huko huku wao wakishindana chini. Wakati unapofika hupandwa mara nyingi, pengine na zaidi ya dume mmoja.

Profesa Pan Wenshi wa Chuo Kikuu cha Peking, aliyeanza kuwafuatilia panda wa milima ya Qinling katikati ya miaka ya 1980 pamoja na wanafunzi wake, alionyesha kwamba majike wa huko wanazaa na kulea vizuri, kwa kiwango kisichotofautiana sana na cha dubu wengine. Utafiti wao ulifichua pia kosa lililokuwa likifanywa kwa nia njema. Mama panda akishamaliza siku za mwanzo za kumkumbatia mtoto pangoni, hulazimika kutoka kwenda kula mianzi, na anaweza kumwacha mtoto peke yake kwa saa nyingi. Watu waliokuta mtoto akiwa peke yake waliamini ametelekezwa, wakambeba na kumpeleka kituoni ili kumwokoa. Baadhi ya watoto waliofikishwa vituoni kwa jina la yatima walikuwa na mama hai, aliyekuwa akila umbali mfupi tu kutoka pangoni.

Panda wa porini, basi, hana tatizo la kuzaa. Tatizo lilianza alipotiwa bandani, na ukitazama mabanda ya zamani yalivyokuwa huoni ajabu. Katika bustani nyingi dume mmoja na jike mmoja waliwekwa jirani mwaka mzima, wakatarajiwa kupatana katika siku mbili za mwaka. Dume hakuwa na mpinzani wa kumchochea wala eneo la kutia alama, na kuta zilioshwa kila siku hadi harufu zote zikatoweka. Wengi wao walikuwa wamechukuliwa porini wakiwa wachanga, wakalelewa na watu, na hawakuwahi kuona panda wakubwa wakikaribiana. Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Chi Chi, jike aliyefika London mwaka 1958 na ambaye sura yake ilichangia nembo ya shirika la uhifadhi la WWF lilipoanzishwa mwaka 1961. Mwaka 1966 alisafirishwa kwa ndege hadi Moscow ili akutane na dume aliyeitwa An An, na mwaka 1968 An An naye akapelekwa London. Safari zote mbili hazikuzaa kitu. Chi Chi alikuwa amewazoea binadamu kiasi kwamba aliwajali watunzaji wake kuliko alivyomjali dume wa aina yake.

Panda wa kwanza kuzaliwa kifungoni alizaliwa katika Bustani ya Wanyama ya Beijing mnamo Septemba 1963, na mwaka 1978 akazaliwa katika bustani hiyohiyo wa kwanza kwa njia ya uhimilishaji, yaani mbegu za dume kuingizwa katika mfuko wa uzazi kwa mkono wa mtaalamu. Kwa muda mrefu baada ya hapo maendeleo yalikuwa haba. Panda wawili waliopewa Marekani mwaka 1972, Ling-Ling na Hsing-Hsing, walipata watoto watano kati ya 1983 na 1989, na hakuna hata mmoja aliyeishi zaidi ya siku chache. Huko Uchina kwenyewe msukumo wa kuzalisha ulitokana na msiba: katika miaka ya 1970 mianzi ya milima ya Min ilichanua na kufa kwa pamoja, kama mianzi inavyofanya baada ya miongo mingi, na zaidi ya panda 100 wakakutwa wamekufa. Mianzi ya milima mingine ilipochanua mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanyama waliodhoofika walikusanywa, na mwaka 1987 kituo cha utafiti na uzalishaji cha Chengdu kikaanzishwa kwa panda sita waliookolewa. Kituo cha Wolong kilikuwa tayari kimeanza kazi katika mabonde ya jimbo hilohilo la Sichuan.

Badiliko kubwa lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Kati ya 1998 na 2000 madaktari na wanabiolojia wa Kichina na wa kigeni, wakiratibiwa kwa pamoja na vyama vya bustani za wanyama na wataalamu wa IUCN, yaani Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, waliwapima panda wapatao 60 mmoja mmoja: damu, meno, viungo vya uzazi, ubora wa mbegu, chakula na tabia. Walikuta lishe mbaya, magonjwa yasiyotibiwa, na madume wengi wenye mbegu nzuri kabisa ambao hawakuwahi kupewa nafasi ya kumkaribia jike kwa njia inayoeleweka na panda. Kuanzia hapo vituo vilijifunza kupima homoni katika mkojo wa jike kila siku ili kujua yai litatoka lini, kubadilishana mabanda kati ya dume na jike wiki kadhaa kabla ya joto ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake, na kuongeza mianzi badala ya uji na mikate iliyokuwa ikiwadhuru. Uzazi ulipanda haraka.

Kilichobaki kilikuwa kuwaweka hai watoto, na hapa inafaa kutazama kwa karibu. Mtoto wa panda huzaliwa na uzito wa takriban gramu 100, sawa na mayai mawili ya kuku, ilhali mama yake anamzidi mara 900 hivi. Ni wa rangi ya waridi, haoni, ana manyoya machache meupe, na hawezi hata kujisaidia bila mama kumlamba tumboni. Kitu kimoja alichojaliwa ni sauti: analia kwa nguvu isiyolingana na mwili wake, na mama humwokota kwa mdomo na kumbana kifuani, akikaa hivyo kwa siku kadhaa bila kula wala kunywa. Karibu nusu ya mimba huzaa pacha. Mama hana mikono wala maziwa ya kutosha kwa wawili, kwa hiyo porini humchagua mmoja na mwingine hufa. Watunzaji wa Uchina walibuni njia ya kuwabadilisha. Mtoto mmoja anabaki na mama, mwingine anawekwa katika mashine ya joto; baada ya saa kadhaa mtunzaji anamsogelea mama akiwa na bakuli la maji ya asali, na mama anapoinamisha kichwa kunywa, mkono wa mtunzaji unapita chini ya kidevu chake, unamchukua mtoto aliyeshiba na kumweka yule mwenye njaa. Kwa wale walio kwenye mashine, mtunzaji hutumia pamba yenye unyevu kusugua tumbo, akiiga ulimi wa mama. Kwa ufundi huo watoto karibu tisa kati ya kumi sasa wanaishi, mahali ambapo awali wengi walikufa ndani ya siku chache. Sioni lawama katika sehemu hii. Ni kazi ya uvumilivu na huruma, na wanaoifanya usiku kucha wanastahili heshima yote.

Matokeo yake ni kwamba idadi ya panda walio kifungoni duniani, ambao hawakufika hata 150 mwishoni mwa karne iliyopita, ilivuka 700 mwaka 2023. Lengo lililowekwa mwanzoni, la kuwa na panda wapatao 300 ambao wangehifadhi utofauti wa vinasaba bila kuhitaji kukamata wengine porini, lilifikiwa na kupitwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hapo ndipo swali la maadili linapozaliwa, kwa sababu lengo likishatimia mtu ana haki ya kuuliza kwa nini mashine iliyolitimiza inaendelea kwa kasi ileile, na nani analipa.

Wa kwanza kulipa ni mnyama mwenyewe. Uhimilishaji wa panda si jambo jepesi kama wengi wetu tulivyozoea kuona kwa ng'ombe, ambapo mtaalamu huja zizini na kumaliza kazi kwa dakika chache huku ng'ombe amesimama. Panda ni dubu mwenye uzito wa kilo 100 na zaidi, mwenye meno yanayovunja mianzi, kwa hiyo ni lazima alazwe kabisa kwa dawa ya usingizi. Dume akishalala, kifaa chenye umeme huingizwa katika njia ya haja kubwa, na mikondo midogo ya umeme hupitishwa hadi mbegu zitoke. Jike naye hulazwa, mara nyingine siku mbili mfululizo, kwa kuwa hakuna anayejua kwa hakika saa ambayo yai limetoka, na mrija hupitishwa hadi ndani ya mfuko wa uzazi. Kazi hiyo ikifanywa na mikono iliyobobea, hatari hupungua. Ikifanywa vibaya au kupita kiasi, umeme unaweza kujeruhi tishu na mrija unaweza kuumiza njia ya uzazi. Dawa ya usingizi yenyewe haikosi hatari. Mnamo Septemba 2010 dume aliyekuwa katika Bustani ya Oji, mjini Kobe nchini Japani, alikufa akiwa amelazwa ili mbegu zake zikusanywe. Hakuwa mgonjwa. Alilazwa ili azalishwe tu.

Na baada ya yote hayo, matokeo hayana hakika. Mimba ya panda ina tabia ya pekee: yai lililorutubishwa huelea katika mfuko wa uzazi kwa wiki au miezi kabla ya kujipandikiza, na ndiyo maana muda kutoka kupandwa hadi kuzaa unaweza kuwa chini ya miezi mitatu au ukapita mitano. Jike asiye na mimba naye huonyesha dalili zilezile: homoni hupanda, hamu ya kula hupungua, hulala sana, hujenga kiota. Hata ultrasaundi huona kitu katika wiki za mwisho tu. Kwa hiyo jike anaweza kulazwa kila mwaka, akakaa miezi akichunguzwa, na isipatikane mimba. Tian Tian na Yang Guang, waliofika Edinburgh mwishoni mwa 2011 na kurejeshwa Uchina mwishoni mwa 2023, walipitia uhimilishaji mara kadhaa bila kupata mtoto hata mmoja. Mei Xiang wa Washington alizaa watoto walioishi, wa mwisho mwaka 2020 akiwa na miaka 22, umri mkubwa sana kwa panda, kwa mbegu zilizokuwa zimegandishwa. Kuzaliwa kwa mtoto huyo kuliwafariji watu wengi katika mwaka mgumu, na siwalaumu waliofurahi. Lakini ni halali kuuliza kama jike wa umri huo alihitaji kubebeshwa mimba nyingine, na kwa faida ya nani.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba njia nyingine ilijulikana. Mwaka 2015 watafiti wa San Diego Zoo, wakishirikiana na wenzao wa kituo cha Bifengxia, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi: kila panda aliwekwa kati ya mabanda ya wenzi wawili, wakahesabu alikoelekea, alikopaka harufu na alikoita. Baadaye walipoachwa kupandana, wale waliokuwa na mwenzi waliyempendelea walipandana na kuzaa mara nyingi kuliko waliopewa mwenzi wasiyemtaka, na pale upendeleo ulipokuwa wa pande zote mbili matokeo yalikuwa bora kuliko yote. Panda, kwa ufupi, huchagua, na akipewa nafasi ya kuchagua hahitaji umeme. Ukweli mwingine ulionekana Hong Kong. Ying Ying na Le Le waliishi katika bustani ya Ocean Park tangu 2007, na kwa takriban miaka kumi ya majaribio hawakupandana; walipandana Aprili 2020, bustani ikiwa imefungwa kwa wageni kwa sababu ya korona. Mwaka huo hakukupatikana mtoto, lakini Agosti 2024, baada ya kupandana tena wenyewe, Ying Ying alizaa pacha akikaribia kutimiza miaka 19. Sitaki kudai kwamba utulivu wa mwaka 2020 ndio uliofanya yote, kwa sababu tukio moja halithibitishi kanuni. Nasema tu kwamba subira ina nafasi yake, na ni bidhaa adimu pale mkataba unapohesabu miaka.

Upo ugumu wa kweli hapa, na si haki kuupita. Ukiwaachia panda wachague wenyewe, madume wachache wenye nguvu na mvuto ndio watakaozaa kila mwaka, na baada ya vizazi vichache ndugu watapandana na ndugu. Pan Pan, dume aliyekufa Desemba 2016 akiwa na miaka 31, aliacha wazao zaidi ya 130, wakikadiriwa kuwa robo ya panda wote waliokuwa kifungoni wakati huo. Uhimilishaji unawezesha mbegu za dume asiyependwa, au aliyekufa, au aliye bara jingine, kuingizwa katika ukoo bila kumsafirisha mnyama yeyote. Wasimamizi wa daftari la ukoo, wanaopanga kila mwaka nani azae na nani, wana sababu nzuri ya kuutaka. Lakini sababu hiyo inahitaji mimba chache zilizochaguliwa kwa makini, kwa wanyama ambao vinasaba vyao havijawakilishwa vya kutosha. Haiwezi kueleza kwa nini majike ambao ukoo wao umejaa tayari katika daftari wanaendelea kuzalishwa mwaka hadi mwaka.

Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hapa ndipo vituo vinapostahili kuulizwa swali gumu zaidi. Porini mtoto hukaa na mama yake mwaka mmoja na nusu hadi miwili na zaidi, na kwa sababu hiyo jike huzaa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Katika vituo vingi watoto wamekuwa wakitengwa na mama wakiwa na miezi minne hadi sita, ili mama aingie kwenye joto tena katika majira yanayofuata. Watoto hao huwekwa pamoja katika kundi, wakichezeana mbele ya wageni, na picha zao hupendwa sana duniani kote. Anayezitazama aelewe anachokiona: ni watoto waliopaswa kuwa bado wananyonya, wa aina ya mnyama ambaye kwa maumbile yake hukua na mama tu, bila rika. Wanachokosa ni elimu. Kupanda mti kwa usalama, kutambua mianzi ya majira, kuogopa mnyama asiyemjua, kumheshimu panda mkubwa, haya yote hufunzwa na mama kwa muda mrefu, na mtunzaji hana namna ya kuyafunza.

Gharama ya kukosa elimu hiyo ilionekana mapema. Xiang Xiang, dume aliyezaliwa na kulelewa Wolong, aliachiwa porini Aprili 2006 baada ya mafunzo ya karibu miaka mitatu. Mwanzoni alionekana akiendelea vizuri. Baadaye alipigwa na madume wa porini, akatibiwa, akaachiwa tena, na Februari 2007 akakutwa amekufa thelujini akiwa na majeraha ya kuanguka, inaaminika alipokuwa akikimbia ugomvi. Wataalamu wa Wolong walikubali somo hilo, na njia waliyobuni baadaye ni miongoni mwa mambo ya kuheshimika kabisa katika historia hii nzima. Mtoto huzaliwa ndani ya uzio mkubwa ulioko mlimani na kulelewa na mama peke yake. Watu hawamkaribii isipokuwa inapolazimu, kama vile kumpima afya, na hapo huvaa mavazi yenye sura ya panda yaliyopakwa mkojo wa panda, ili mtoto asiyazoee maumbo na harufu ya binadamu. Tao Tao, aliyezaliwa hivyo Agosti 2010, aliachiwa Oktoba 2012 katika hifadhi ya Liziping, akafuatwa na wengine katika miaka iliyofuata. Baadhi walikufa, wengi wa waliobaki wameweza kujitegemea. Hata hivyo, hesabu yote ya waliozaliwa kifungoni na kuachiwa kwa njia hizi ni kumi na wachache tu, wakati wanaozaliwa vituoni kwa mwaka mmoja ni wengi kuliko hao.

Kwa nini waachiwe wachache hivyo? Sehemu ya jibu ni kwamba kulea mnyama wa kurudi porini ni ghali na polepole. Sehemu nyingine ni mlima wenyewe. Sensa ya nne ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2015, ilihesabu panda 1,864 porini, kutoka 1,596 katika sensa iliyotangulia. Ongezeko hilo halikuletwa na panda wa vituoni. Lililetwa na marufuku ya ukataji miti ya mwaka 1998, upanuzi wa hifadhi na kudhibitiwa kwa ujangili, na ndilo lililoifanya IUCN mwaka 2016 kumtoa panda katika daraja la walio hatarini kutoweka na kumweka katika daraja nafuu kidogo. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba wanyama hao wamegawanyika katika makundi 33 yaliyotengwa na barabara, mabwawa, mashamba na vijiji, na mengi ya makundi hayo ni madogo mno kudumu yenyewe. Mnyama mmoja mgeni akiingizwa katika kundi dogo, kama ilivyofanyika Liziping, anaweza kulipatia kundi hilo damu mpya. Ukimwachia mahali palipojaa, utakuwa umempeleka kupigwa. Na ukimwachia mahali ambapo mianzi imekatika kwa barabara, utakuwa umemhamisha kutoka banda dogo kwenda banda kubwa.

Ndiyo maana naona ushoroba mmoja unaounganisha makundi mawili una thamani kuliko watoto kumi wa bandani. Serikali ya Uchina imelielewa hilo kwa kiasi kikubwa. Hifadhi ya Taifa ya Panda Mkubwa iliyozinduliwa rasmi Oktoba 2021, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 22,000, ilipangwa hasa kuunganisha vipande vilivyotawanyika. Lakini fikra ya kumtazama panda peke yake imeacha mapengo hata humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika hifadhi za panda, chui wametoweka katika asilimia 81 ya maeneo walikokuwa, mbwa mwitu wa kijivu katika asilimia 77, na mbwa mwitu wekundu wa Asia karibu kote. Msitu wa panda umelindwa, na baadhi ya wenzake wameondoka humohumo.

Fedha nazo zina nafasi yake katika simulizi hii. Tangu miaka ya 1980 Uchina haitoi panda kama zawadi kwa nchi za kigeni, inawakopesha. Mkataba wa kawaida na bustani za Marekani umekuwa wa miaka kumi, kwa ada inayofikia dola milioni moja kwa mwaka kwa jozi, na kila mtoto anayezaliwa ni mali ya Uchina na hurejeshwa, kwa kawaida kabla ya kutimiza miaka minne. Mwaka 1998 Marekani iliweka sharti kwamba fedha hizo ziende katika uhifadhi wa panda wa porini, na zipo kazi za kweli zilizofanywa kwa fedha hizo. Tatizo ni mwelekeo wa motisha. Bustani inayolipa kiasi hicho inahitaji wageni, mtoto wa panda huleta wageni kuliko kitu kingine chochote, na kituo kinachozalisha watoto wengi kina panda wengi wa kukopesha. Hakuna mtu mwovu anayehitajika katika mpango huu ili mnyama aumie. Inatosha kila mmoja atimize lengo la mwaka.

Wapo wanaohitimisha kwamba uzalishaji wote ukomeshwe. Sikubaliani nao. Panda wa kifungoni ni akiba dhidi ya balaa ambalo halijaja, iwe ni mianzi kuchanua tena au ugonjwa; na ugonjwa si jambo la kufikirika, kwani mwishoni mwa 2014 homa ya mbwa iliingia katika kituo kimoja cha jimbo la Shaanxi na kuua panda kadhaa kwa wiki chache. Mfano huohuo unafunza kwamba akiba iliyorundikwa mahali pamoja si salama sana. Kilicho mbele si kuchagua kati ya kuzalisha na kutozalisha. Ni kuamua wanyama wangapi, kwa njia gani, na kila mmoja kwa madhumuni yanayoweza kutajwa: jike huyu azae kwa sababu ukoo wake ni haba, mtoto huyu alelewe na mama miaka miwili kwa sababu anaandaliwa kwenda mlima fulani. Cao Cao, jike aliyezaliwa porini na kuokolewa, alipelekwa mlimani mwaka 2017 wakati wa joto, akapandwa na dume wa porini, na Julai 31 mwaka huohuo akazaa mtoto mwenye vinasaba ambavyo hakuna bustani iliyokuwa navyo. Hakulazwa kwa dawa, na hakuna aliyetumia mrija.

Mikataba mipya imeshasainiwa. San Diego ilipokea jozi Juni 2024, Washington ikapokea yake Oktoba mwaka huohuo, na bustani za Ulaya na Asia nazo zina zao. Kila moja ya mikataba hiyo ingeweza kubeba masharti matatu bila kupandisha gharama: uhimilishaji usifanyike isipokuwa daftari la ukoo linauhitaji kwa mnyama huyo kwa jina lake, mtoto asitengwe na mama kabla ya mwaka mmoja na nusu, na kila mwaka ichapishwe hadharani, kwa kila panda, idadi ya mara alizolazwa kwa dawa ya usingizi, sababu yake na majeraha yaliyotokea. Takwimu za watoto waliozaliwa hutangazwa kila mwaka kwa fahari. Hizi nyingine zimo katika majalada ya vituo na bustani, na wanaolipa kiingilio wana haki ya kuzisoma.